Bia isiyo na gluteni hapa Malindi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapenzi wa bia za viwanda vidogo ambao tumbo au daktari amewakataza ngano na shayiri. Tunauza vinywaji mjini Malindi, na maswali haya hutujia kaunta kutoka kwa wenyeji, kwa wageni wa Kiitaliano, na siku hizi hata kwa wahudumu wa baa za Lamu Road wanaotaka kujua wamjibu nini mteja. Msimamo wetu tuuweke wazi mapema: asiyeweza kutumia gluteni anastahili bia anayoipenda, na nafaka za kuitengenezea bia hiyo zimejaa sokoni kwetu.

Gluteni ni nini, na inaingiaje kwenye bia?

Ni jina la jumla la protini fulani zilizomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano. Ndizo zinazoufanya unga wa mahamri uvutike na kuumuka. Kwenye shayiri protini hizo huitwa hodini, na shayiri ndiyo nafaka mama ya bia karibu dunia nzima. Nafaka huloweshwa ichipue, hukaushwa ikawa kimea, kimea huwekwa kwenye maji moto ili wanga ugeuke sukari, na hamira huila sukari hiyo na kutoa kilevi. Katika safari yote hiyo sehemu kubwa ya protini hubaki kwenye machicha au hutuama chini ya pipa. Lakini haziishi zote, na kwa mgonjwa hicho kinachobaki kinatosha kumdhuru.

Kwa hiyo Tusker, White Cap na Guinness zina gluteni?

Zinatengenezwa kwa shayiri, kwa hiyo ndiyo. Bia za ngano za Kijerumani na za Kibelgiji zina zaidi. Rangi haikuambii kitu: bia nyeusi na bia nyeupe zote zaweza kuwa za shayiri.

Mimi si mgonjwa, ila nikinywa bia tumbo hujaa. Niache gluteni?

Kapime kwanza, na usiache gluteni kabla ya kupima. Tunalisisitiza hili kwa sababu watu wengi hulifanya kinyume. Ugonjwa wa siliaki hutafutwa kwa kipimo cha damu kinachotazama kingamwili, na mara nyingi hufuatiwa na uchunguzi wa kipande kidogo cha utumbo. Ukiwa umeacha ngano kwa miezi, kingamwili hizo hushuka na kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao.

Siliaki ni hali ambapo kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vinyweleo vinavyofyonza chakula hulala, na mtu hukonda, huishiwa damu, huharisha au hufura tumbo. Wengine hawana dalili ya tumbo kabisa, wana uchovu na upungufu wa chuma tu. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila mia duniani anao, na wengi hawajui. Aliyeihusisha siliaki na ngano ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Wakati wa njaa kali ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake, watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena.

Kuna wanaotuambia kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa duniani ni vya watoto wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu, ambako zaidi ya mtoto mmoja katika ishirini alikutwa nao. Mtu wa Ganda au Mambrui anayeugua kila akila chapati asiambiwe kwamba anajifanya.

Kuna pia mzio wa ngano, ambao ni kitu kingine, na kuna wanaosumbuliwa na gluteni bila kuwa na siliaki wala mzio. Na kujaa tumbo baada ya bia kwaweza kutokana na gesi tu. Ndiyo maana tunasema kapime.

"Bila gluteni" na "gluteni imepunguzwa" si kitu kimoja?

Hapana, si kitu kimoja, na hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu.

Kuna njia mbili za kupata bia ya aina hii. Ya kwanza ni kutumia nafaka ambazo tangu shambani hazina gluteni: mtama, mawele, wimbi, mchele, mahindi, au bakwiti, ambayo licha ya kufanana na nafaka si ndugu ya ngano kabisa. Ya pili ni kutengeneza bia ya shayiri kama kawaida, kisha kutia kimeng'enya kinachozikatakata protini za gluteni vipande vidogo. Kimeng'enya hicho hutolewa kwenye ukungu uitwao Aspergillus niger, na kilianza kutumika viwandani kwa sababu nyingine: kuzuia bia isipoteze ung'avu wake ikipozwa. Ikaonekana kwamba kinaishusha gluteni pia, hata chini ya miligramu 20 kwa kilo, na hicho ndicho kiwango ambacho kanuni za kimataifa za chakula, za Codex, hukiita "bila gluteni".

Sasa matatizo yanaanza kwenye kupima. Kipimo kimoja kinachotumika sana huhitaji kushika kipande cha protini sehemu mbili. Protini ikishakatwakatwa, vipande vingi vina sehemu moja tu, na kipimo hakivioni. Kipo kipimo kingine kinachoviona vipande, lakini wataalamu hawajakubaliana namba yake ina maana gani kwa mwili wa mgonjwa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti Marekani uliojaribu bia hizi kwenye damu ya wagonjwa wa siliaki, na damu ya baadhi yao ikaitikia bia ya shayiri iliyopunguzwa gluteni.

Nchi nazo zimetofautiana. Ulaya, bia ya shayiri iliyoshuka chini ya 20 inaruhusiwa kuandikwa "bila gluteni". Marekani hairuhusiwi; huandikwa kwamba imeshughulikiwa ili kuondoa gluteni, pamoja na onyo kwamba kiasi kilichobaki hakiwezi kuthibitishwa. Australia ni wakali zaidi, bia yenye kimea cha shayiri haiitwi bila gluteni hata kidogo. Kwa hiyo chupa ya Daura kutoka Barcelona au Peroni yenye maneno "senza glutine" ni halali kwao na imeandikwa kwa haki, ila ndani yake kuna shayiri.

Msimamo wetu kaunta: mwenye siliaki iliyothibitishwa tunampa bia ya nafaka zisizo na gluteni tangu mwanzo. Akisisitiza kutaka ile nyingine kwa sababu ameizoea kwao na haimdhuru, ni mtu mzima, tunamweleza kisha tunamuuzia. Hatumuuzii bila kumweleza.

Nitajuaje kwa kusoma lebo?

Usiishie mbele ya chupa. Igeuze utafute orodha ya viungo. Ukiona shayiri, kimea cha shayiri, ngano au rai, hiyo ni bia iliyopunguzwa gluteni hata kama mbele imeandikwa bila gluteni. Lebo za Kiitaliano, ambazo hapa Malindi tunakutana nazo sana, shayiri wanaiita "orzo" na ngano "frumento" au "grano". Lebo ikisema "kimea" bila kutaja cha nini, chukulia ni cha shayiri.

Bia ya kegi ya Kenya inatengenezwa kwa mtama. Si hiyo tayari haina gluteni?

Tunaelewa swali linakotoka. Mtama wa Gadam hulimwa kwa wingi Ukambani na Tharaka kwa ajili ya kiwanda, na kila mtu anajua kwamba kegi ya bei nafuu ina mtama ndani. Lakini kuwa na mtama si sawa na kukosa shayiri. Viwanda vikubwa huchanganya nafaka kwa sababu ya bei, kodi na upatikanaji, na mchanganyiko unaweza kubadilika. Kama kiwanda hakijaandika kwamba bia yake haina gluteni, usiichukulie hivyo.

Mfano mzuri ni Nigeria. Mwaka 1988 serikali yao ilipiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri, na viwanda vyote vikalazimika kujifunza kutengeneza laga, yaani bia ya namna ya Tusker, kwa mtama na mahindi. Walifaulu sana, na ujuzi huo haukupotea hata marufuku ilipoondolewa. Lakini leo chupa ya Nigeria inaweza kuwa na mtama na shayiri pamoja. Nchi moja ilionyesha kwamba laga safi ya mtama inawezekana kwa mamilioni ya wanywaji, nasi tunatamani siku moja kiwanda cha hapa kwetu kiamue kutoa moja na kuiandika hivyo waziwazi.

Na mnazi?

Hapa tunajibu kwa furaha. Tembo la mnazi halina nafaka yoyote. Mgema hupanda na kotama yake, hukata ncha ya karara, hufunga kibuyu, na utomvu mtamu hudondoka humo. Hamira ya hewani na ya kibuyuni huanza kazi papo hapo, kwa hiyo linaloteremshwa asubuhi ni tamu na jepesi, la jioni limeshakolea, na la kesho yake linaelekea kuwa siki. Hakuna ngano, hakuna shayiri, hakuna lebo ya kusoma.

Wapenzi wa bia za viwanda vidogo wanaokuja kwetu kutafuta chupa za ng'ambo tunawaambia wapite kwanza vijijini nyuma ya Malindi, kwa wagema wa Kigiriama, wakanywe mnazi wa siku hiyo kwa mrija wenye kichujio. Ule uchachu wake mwepesi na harufu ya hamira ndio uleule ambao watengenezaji wa bia chachu za Ubelgiji huusubiri miezi na miaka kwenye mapipa. Sisi tunaupata kabla ya adhuhuri.

Cha kuangalia ni uaminifu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku hizi si maji tu, wapo wanaotia sukari. Vyote viwili havina gluteni, lakini maji yasiyochemshwa yana magonjwa yake. Nunua kwa mgema anayejulikana, na uinywe siku hiyohiyo.

Busaa, muratina, chang'aa?

Busaa asili yake ni unga wa mahindi na kimea cha wimbi au mtama, kwa hiyo kimsingi haina gluteni. Muulize aliyeipika kimea chake ni cha nini. Muratina ni asali au maji ya miwa na tunda la mratina, haina nafaka. Chang'aa hatuishauri kwa mtu yeyote, na sababu si gluteni: ile ya kificho imeua na kupofusha watu kwa methanoli.

Saida, mvinyo, wiski?

Saida ni ya tufaha au matunda mengine na mvinyo ni wa zabibu, kwa hiyo vyote ni salama kwa kawaida. Soma tu kama kuna kimea kilichoongezwa, maana baadhi ya vinywaji vya matunda vinavyouzwa rafu moja na saida ni bia zilizotiwa ladha. Wiski hata ya shayiri hukenekwa, na protini haipandi na mvuke, kwa hiyo wengi wenye siliaki huinywa bila shida. Tahadhari ni kwa pombe kali zilizoongezwa ladha au rangi baada ya kukenekwa.

Nilionja bia isiyo na gluteni zamani, ilikuwa na ladha ya chuma. Mbona mnazisifu?

Kwa sababu huenda ulionja za kizazi cha kwanza. Mwaka 2006 Marekani zilitoka New Grist ya Milwaukee na baadaye Redbridge ya kampuni kubwa ya Anheuser-Busch. Zilifungua mlango na zinastahili heshima. Lakini bia za wakati huo zilitegemea sana sharubati ya mtama: wanga uliogeuzwa sukari kiwandani na kupunguzwa maji ukawa mzito. Sharubati hiyo huacha uchachu fulani mkali kwenye ulimi, na haina ile ladha ya mkate na karanga inayotoka kwenye kimea kilichokaushwa au kukaangwa. Mtengenezaji angetia hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kuificha, na ikawa uchungu juu ya ukali.

Mabadiliko yaliletwa na kimea. Watu walianza kuotesha mawele, bakwiti na mchele kwa makusudi ya bia, wakavikausha na kuvikaanga kwa viwango mbalimbali kama inavyofanywa kwa shayiri. Grouse Malt House ya Colorado ni karakana ya kimea isiyogusa shayiri kabisa. Ghafla mtengenezaji alikuwa na kimea cheupe, cha dhahabu, cha karameli na cheusi, na akaweza kupanga ladha badala ya kuificha. Glutenberg ya Montréal, inayotumia mawele, bakwiti, kinoa na mchicha-nafaka, ilichukua medali zote tatu za kundi la bia zisizo na gluteni kwenye shindano la World Beer Cup la 2012. Ghostfish ya Seattle inatengeneza IPA, bia yenye hopsi nyingi, ambayo ukimpa mtu bila kumwambia, atakuuliza hopsi zake tu. Ground Breaker ya Portland iliingiza hata njugu za chestinati zilizokaangwa na dengu.

Lililobaki gumu ni povu na unene. Protini za shayiri ndizo hushika povu juu ya glasi, na mtama hauna za namna ile. Bakwiti na kinoa husaidia. Usiihukumu bia kwa povu lililoanguka mapema, inuse kwanza.

Nianze na aina gani?

Kama ulikuwa mpenzi wa IPA, anza na IPA. Harufu ya hopsi, za machungwa au msonobari au embe, haitegemei shayiri, kwa hiyo hapo utahisi upungufu kidogo sana. Waliopenda stauti, bia nyeusi kama Guinness, wana bahati pia, kwa sababu bakwiti na mawele yaliyokaangwa sana huleta kahawa na kakao bila taabu. Ya mwisho kuijaribu iwe laga nyepesi. Laga haina pa kujificha, kila dosari ya nafaka huonekana, na ndiyo maana ukipata laga nzuri ya mtama ujue imetoka kwa fundi wa kweli.

Kwa chakula cha kwetu, tunapenda ile nyeusi pamoja na mishkaki, na ile ya machungwa pamoja na samaki wa kupaka. Nazi huupoza uchungu wa hopsi vizuri sana.

Zinapatikana Malindi?

Kwa msimu, na kwa kuagiza. Zikifika huwa chache na bei yake ni ya juu kuliko bia ya kawaida, kwa sababu zimesafiri mbali na kodi imelipwa. Zile za Kiitaliano na Kihispania huonekana zaidi kwa sababu ya wageni wetu, na kama tulivyosema, nyingi ni za shayiri iliyoshughulikiwa.

Ukinunua popote, tazama tarehe na uliza chupa imekaa wapi. Joto la Malindi ni adui wa hopsi. IPA iliyokaa stoo bila ubaridi msimu wa kaskazi hupoteza machungwa yake yote na kubaki na ladha ya karatasi iliyolowa. Chukua iliyo kwenye friji, hata kama ya rafuni ni nafuu. Na chupa nyeusi ni bora kuliko ya kijani, maana mwanga wa jua huiharibu hopsi kwa muda mfupi tu.

Nikienda baa na bia yangu ni salama, kuna kingine cha kuogopa?

Glasi iliyosuuzwa juujuu na bado ina mabaki ya bia ya ngano. Omba glasi iliyooshwa kwa sabuni, au kunywa kwenye chupa. Bomba la kegi lililokuwa na bia ya shayiri jana halifai kwako leo kama halikusafishwa.

Kisha vitafunio, ambavyo huwaponza wengi kuliko bia. Chipsi ni viazi, lakini zikikaangwa kwenye mafuta yaleyale ya sambusa zimeshachafuka. Viazi karai hutegemea unga: wengine hutumia wa dengu, wengine wa ngano, wengine huchanganya. Samaki wa kukaanga mara nyingi hupakwa ngano kabla ya kuingia kaangoni. Sosi ya soya ina ngano. Mishkaki ya chumvi, ndimu na pilipili ni sawa, korosho ni sawa, muhogo wa kuchoma ni sawa kabisa. Ukiwa na njaa ya kweli, wali, sima ya mahindi na vibibi vya mchele havitakuletea taabu.

Mimi ni mhudumu. Mgeni akiniuliza "senza glutine" nimjibu nini?

Mjibu kwa uhakika au mwambie unakwenda kuuliza. Kubahatisha ni kumchezea afya yake. Italia wanalichukulia jambo hili kwa uzito: sheria ya 2005 inaitambua siliaki kama ugonjwa wa kijamii, na mwaka 2023 wakapitisha nyingine ya kuwapima watoto nchi nzima. Mgeni wako huenda amekulia kwenye utaratibu huo na anaamini neno la mhudumu. Mletee chupa mezani ikiwa haijafunguliwa, asome mwenyewe, ndipo uifungue. Usimmiminie jikoni.

Tunaweza kutengeneza yetu kwa mtama na mawele ya hapa?

Tunaamini hivyo, na ndilo swali tunalolipenda. Kwanza sheria: kutengeneza pombe ya kuuza bila leseni ni kosa, kwa hiyo anayefikiria biashara aanzie kwenye leseni. Yafuatayo ni maelezo ya jinsi kazi yenyewe inavyokwenda.

Ugumu mkuu ni joto. Wanga wa shayiri hulainika kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi, na kwenye joto hilo vimeng'enya vya kimea bado vi hai, kwa hiyo mambo mawili hufanyika pamoja kwenye sufuria moja. Wanga wa mtama na mawele hulainika karibu na 70 na kupanda, na huko vimeng'enya vya kugeuza sukari vinakufa. Ukipika kwa kanuni ya shayiri utapata uji wenye sukari kidogo. Mafundi wa Marekani hulitatua kwa kuchota maji yenye vimeng'enya na kuyaweka kando, kuipika nafaka ichemke, kuipoza, kisha kuyarudisha. Au hununua vimeng'enya vinavyostahimili joto.

Sasa mtazame mama anayepika busaa. Huanza na unga wa mahindi uliochacha, huupika ukaive kwenye bati juu ya moto, huuacha upoe, ndipo hutia kimea kibichi cha wimbi. Wanga umelainishwa kwa moto, vimeng'enya vimeingia baadaye vikiwa hai. Ni suluhisho lilelile, na alilipata zamani bila kipimajoto. Kiwanda kidogo cha Kenya kitakachotaka bia nzuri isiyo na gluteni kikaajiri mtu mwenye mikono hiyo kitakuwa kimeokoa miaka ya majaribio.

Kuotesha kimea kuna mambo mawili ya hatari. Machipukizi ya mtama yana kemikali inayozaa sianidi, kwa hiyo nafaka ikishakaushwa vizuri, mizizi na machipukizi husuguliwa na kupepetwa yote. La pili ni kuvu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na nafaka iliyolala ikiwa mbichi huzaa sumukuvu. Kenya haijasahau 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu 125 Ukambani. Sumukuvu haimalizwi na kuchemsha. Nafaka yenye harufu ya uvundo itupwe.

Mtama mwekundu una ukakasi mwingi unaokausha mdomo. Mweupe ni bora kwa bia nyepesi. Chagua hamira kavu, maana hamira za maji mara nyingi hukuzwa kwenye kimea cha shayiri na hubeba mabaki yake. Na kuhusu joto letu, lipo jibu kutoka mahali pasipotarajiwa: kveik, hamira ya mashambani ya Norway, huchachua vizuri kwenye nyuzi 30 na hata karibu 40, na hutoa harufu ya machungwa. Nchi ya theluji ina hamira inayoifaa Malindi bila friji.

Situmii pombe kabisa. Haya yananihusu?

Kama una siliaki au una mtoto mwenye nayo, ndiyo. Vinywaji vya kimea visivyo na kilevi kwa kawaida ni vya shayiri. Hata Milo, ambayo watoto wengi hunywa kila asubuhi, ina kimea cha shayiri. Uji wa wimbi au wa mawele unafaa badala yake, mradi unga usiwe umesagwa kwenye kinu kilichotoka kusaga ngano. Mwombe msagaji akusagie baada ya mahindi.

Je, bia isiyo na gluteni hainenepeshi, au hailevyi haraka?

Kilevi ni kilevi na sukari ni sukari. Soma asilimia iliyoandikwa.

Nimekunywa bia ya shayiri kwa bahati mbaya. Nifanye nini?

Kwa mwenye siliaki hakuna dawa ya kuifuta gluteni ikishaingia. Kunywa maji mengi, kula vyepesi, pumzika. Dalili zaweza kudumu saa kadhaa au siku kadhaa. Ukiharisha au kutapika hadi unaishiwa nguvu, nenda kituo cha afya. Mwenye mzio wa ngano ni jambo jingine: akianza kuvimba midomo, kuwashwa mwili mzima au kubanwa pumzi, asisubiri kuona itakavyokuwa. Mpelekeni hospitali dakika hiyohiyo, na mmwambie daktari ni kinywaji gani, mkiweza mbebe na chupa.